Mama Mkwe Yumo Ndani

Watu wa mjini wakinisikia nikisema nilikuwa naenda sinema Segese, wanacheka. Wacheke tu. Wao sinema yao ina viti vya sponji na bisi kwenye ndoo ya karatasi. Yetu ilikuwa banda la mabati nyuma ya karasha la kusagia mawe ya dhahabu, mabenchi yenye misumari iliyokula sketi zangu karibu zote, na televisheni moja pana iliyofungwa mnyororo ukutani kama mbuzi mwizi. Mchana jua likikolea, bati linalia juu ya vichwa vyetu, na ndani joto la kuivisha ndizi. Lakini baadaye niliwahi kwenda sinema ya Mwanza, nikakaa kwenye hiyo sponji, nikaangalia filamu ya mapenzi ya kuchekesha mwanzo mpaka mwisho. Kila mtu alicheka peke yake, kwa adabu, kama yuko hospitali anasubiri kuitwa. Nikawahurumia. Maskini, hawana mtafsiri.

Sisi tulikuwa naye. Filamu zinakuja kwa Kiingereza, kwa Kihindi, kwa Kikorea, na yeye anakamata maiki anatusemea wote waliomo: mwanamume, mwanamke, polisi, mtoto, mpaka mbwa. Alikuwa kijana wa Maganzo, kwao walikuwa wakichekecha almasi, akaacha kuchekecha mchanga akaja kuchekecha maneno. Kiingereza chake sijui kilikuwa cha darasa la ngapi na sijawahi kutaka kujua. Alikaa kwenye kona ya mbele kando ya televisheni, nyuma ya pazia la khanga mbili zilizoshonwa pamoja, kwa sababu alisema watu wakiuona mdomo wake wanaacha kuangalia picha. Khanga zenyewe zilikuwa fupi. Ukikaa benchi la mbele unaiona miguu yake yote, na kandambili zilizojaa vumbi jekundu, na dole gumba likichezacheza kila anapofika penye utamu.

Kosa lake lilikuwa moja tu: wazee alikuwa hawatafsiri. Akitokea bibi au mama kwenye picha na kuanza maneno marefu, yeye anasema, "Hapa mama anatoa nasaha, twende mbele," na wachimbaji wanapiga makofi. Watu wametoka kwenye duara, shimo la dhahabu, wana vumbi mpaka kwenye kope, hawakuja bandani kusikiliza nasaha.

Mimi nilikuwa nauza wali na maharage mbele ya mlango wa banda. Ni mtu wa hasira, sifichi. Mchimbaji akirudisha sahani na kusema maharage hayakuiva, nilikuwa namweleza habari zake na za ukoo wake mpaka sahani inaoshwa. Huyu wa pazia ndiye pekee aliyenipatia dawa. Nikimaliza kufoka, yeye kutoka kwenye benchi lake anaurudia ugomvi wangu wote kwa sauti yangu mwenyewe, na mkono kiunoni kama nilivyouweka mimi, na pumzi nilizovuta kati ya matusi. Mara ya kwanza nilimrushia mwiko. Mara ya pili nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi. Nilimpenda hapo hapo, sitazunguka, na yeye akatuma wajumbe nyumbani.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Mama yangu alikuwa mjane wa miaka mingi, na kwetu mwanamke mjane mwenye msimamo ni serikali. Baba mdogo alishasema kwamba kwa heshima ya marehemu kaka yake, neno la mwisho atalitoa mama, na wajumbe warudi Jumatatu kulichukua. Yeye mwenyewe hakumtaka kijana. Alikuwa na dalali wake wa madini, mtu wa ng'ombe wengi, na kila nikipita ananiimbia, "Mkono mtupu haulambwi, binti yangu." Mama hakusema habari za ng'ombe hata mara moja, na ndiyo maana nilimwogopa zaidi. Yeye alikuwa na neno lake. Alimwita mchumba wangu "huyo wa gizani".

"Mtu kazi yake kuwasemea watu asiowajua maneno wasiyoyasema," aliniambia tukiwa tunapasua viazi vya kuanika michembe uani. "Leo anawasemea Wazungu. Kesho atakusemea wewe. Mimi sitoi mtoto kwa mwongo."

"Mama, si uongo. Ni tafsiri."

"Umeshamuuliza Mzungu?"

Nikachukua kiazi kingine nikakipasua kwa nguvu kuliko kilivyohitaji.

Sasa usiniulize kwa nini wasikutanishwe wakaongea kama watu wazima. Wasukuma hatuna mchezo na ukwe. Tangu siku wajumbe wake walipokanyaga uani kwetu, yule kijana na mama yangu walikuwa hawawezi kutazamana. Akimwona mama gulioni, anaingia duka lolote lililo karibu. Siku moja alijitosa kwenye saluni ya akina mama na kutokea mlango wa nyuma. Hawali pamoja, hawakai pamoja, na jambo likilazimu kusemwa, linasemwa kwa kitu cha tatu. Mkwe anamwambia kuku, kuku ndiye mwenye habari. Au anauambia ukuta: ukuta, mwambie fulani ng'ombe wametoka zizini. Nikiwa msichana niliona ni vituko vya wazee. Siku hizi naona ni busara kubwa, maana sijawahi kusikia ugomvi wa mama na mkwewe kwetu uliofika polisi.

Basi Jumapili, siku moja kabla ya wajumbe kurudi, nikiwa nakoroga maharage, nikaona bodaboda inasimama na mama yangu anateremka. Alitoka kanisani moja kwa moja. Amevaa kitenge chake cha sherehe na kilemba cheupe, mkoba kwapani. Wachimbaji waliokuwa wanakula wakasimama na sahani mkononi. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, kuleni." Akanigeukia.

"Nimekuja kuangalia hiyo picha."

Mwiko ulitaka kuniponyoka. "Mama! Yumo mle ndani!"

"Yuko nyuma ya nguo. Si wewe uliyeniambia? Nguo ni ukuta kama ukuta mwingine." Akafungua mkoba kutafuta kiingilio. "Kesho naulizwa neno. Siwezi kutoa neno juu ya mtu ambaye sijawahi kumsikia."

Nilisema ngoja niingie kwanza nimtafutie pa kukaa. Thubutu! Nilitaka nikamwonye, na yeye alijua. Alinishika kifundo cha mkono kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo tukivuka mto. "Tunaingia wote. Nataka nimsikie anavyosikika siku zote, si anavyosikika akijua nipo." Wapo watu waliosoma sheria wasiojua kuuliza vizuri namna hiyo. Nilimwogopa, na papo hapo nilijivunia kuwa mtoto wake.

Alichagua benchi la mbele, hatua mbili kutoka kwenye pazia, kwa sababu macho yake hayakuwa mazuri. Banda lilikuwa limejaa. Alipoiona ile miguu chini ya khanga aligeuza uso haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta lina mwenyewe.

Filamu ilikuwa nyepesi tu. Kaka mmoja ana mbwa, mbwa anatoroka kila asubuhi kwenda kwa dada wa nyumba ya pili, kaka anamfuata kwa hasira, dada anamjibu kwa hasira zaidi, na kila mtu bandani ameshajua mwisho wake isipokuwa wao wawili. Mtafsiri wangu alikuwa katika ubora wake, na hilo ndilo lililoniua. "Mwoneni dada anavyotembea! Anajua kabisa dirishani kuna mtu! Hapo kaka anasema nimemfuata mbwa. Mwongo huyo, mbwa ana miguu yake, atarudi!" Banda linalia kwa kicheko. Mimi jasho linanitiririka mgongoni, na si la bati. Nilimchungulia mama. Uso ule ule wa kanisani.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka alipoingia mchimbaji mmoja mteja wangu, taa bado iko kichwani, akatafuta nafasi, akamwona mama. Alikuwa mmoja wa wajumbe waliofika kwetu. Kwanza alishika mdomo. Halafu akapiga kelele ambayo nadhani waliisikia mgodini Bulyanhulu chini ya ardhi:

"Bingwa, funga breki! Mama mkwe yumo ndani!"

Maiki ilianguka, puu. Kwenye televisheni dada anaongea Kiingereza chake na hakuna mtu wa kumsaidia. Nami nikawa naangalia miguu. Mguu wa kulia ukaelekea mlangoni, ukarudi. Wa kushoto nao ukajaribu, ukarudi. Aende wapi? Pazia likifunguka tu, ameshaonana na mkwewe uso kwa uso mbele ya Segese nzima. Miguu ikapanda mmoja juu ya mwenzake ikatulia, inaoneana huruma.

"Tafsiri!" watu wakaanza. "Tafsiri, bwana, wanatupita!" Mwenye banda naye kutoka mlangoni: "Kijana, fanya kazi!"

Maiki ikaokotwa. Kikohozi. Kisha ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ya mzee wa kanisa anayesoma matangazo.

"Hapa, wapendwa, kijana anamuuliza binti habari za nyumbani. Je, wazazi hawajambo?"

Kwenye picha, kaka amemshika dada kiuno.

"Binti anajibu, hawajambo, tunashukuru, mvua zimeanza na pamba imeota vizuri."

Dada amemrukia kaka shingoni. Sasa midomo inakutana, na kamera haina haya, inasogea karibu.

"Na hapa," sauti inatetemeka, "binti ameingiwa na vumbi jichoni. Kijana anampulizia."

"Vumbi gani hilo la mdomoni!" akasema mtu wa nyuma, na banda likapasuka. Watu walipiga mabati, mmoja alianguka kutoka kwenye benchi akabaki huko huko chini anacheka. Nilicheka na mimi, nawezaje kuacha. Lakini nilijua nimekwisha. Mama alikuja kumtafuta mwongo, na mwongo huyu hapa, tena ana maiki. La kuvunda halina ubani. Niliona kesho yote: baba mdogo anatabasamu, dalali anahesabu ng'ombe, na mimi napika wali wa mtu nisiyeweza kucheka naye.

Mama akasimama. Kicheko kikafa benchi kwa benchi mpaka nyuma. Hakulitazama pazia. Aligeukia mabati ya upande wa pili, akaweka mkoba vizuri kwapani, akasema kwa Kisukuma, polepole, kila mtu asikie:

"Ukuta. Mwambie huyo wa gizani kwamba mimi nimezaa. Vumbi la jichoni nalijua na lile si vumbi. Sikuacha nyumba yangu kuja kudanganywa. Wale watu wanasema jambo lao. Alichukue kama lilivyo, aniletee."

Akakaa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yule kijana, nitamsifu kwa hili mpaka nizikwe, aliyaoga.

"Ukuta," alisema, kwa Kisukuma na yeye, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, si ya kaka wala ya mbwa. "Mwambie mama nimesikia, na nimekosa. Wale wanapendana. Amembusu."

Neno hilo kwetu mkwe halitamki mbele ya mkwe. Halitamki, basi. Lakini lilipotoka, halikuwa chafu, na hakuna aliyecheka. Nilimtazama mama. Alitikisa kichwa kukubali, mara moja, kama mtu aliyepimiwa mchele kwa haki.

Kuanzia hapo alitafsiri bila kuruka kitu. Akawa anasema kwa Kisukuma kwanza, halafu kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni wa kutoka mikoani. Dada na kaka wakagombana, wakaachana, mbwa akagoma kula. Ikafika sehemu ya mama yake yule dada, mama wa makamo yuko jikoni na binti yake analia mezani. Mama huyo wa kwenye picha akafungua mdomo. Wachimbaji wakaanza mazoea yao: "Nasaha hizo! Ruka, bingwa, ruka!"

"Leo siruki," sauti ikasema.

Na akamsemea yule mama. "Mwanangu, unaniuliza kama yule mwanamume anafaa. Mimi sijui mali yake. Najua nilikuwa na baba yako. Hakuwa na kitu cha kuwatambia watu, lakini hakuna siku niliyokwenda kulala nimenuna. Alipokufa walikuja wengi wakanipa pole ya kufiwa mume. Pole ya kufiwa kicheko hakuna aliyenipa. Nyumba ilinyamaza, mwanangu, na mimi nikanyamaza nayo."

Huyo hakuwa baba wa dada wa kwenye picha. Baba yangu alikuwa mtu wa kuigiza. Alimwigiza katekista, akamwigiza baba mdogo akikataa kuazima jembe, akamwigiza jogoo wetu kilema akipanda juu ya kichuguu kuwika, na mama akimwangukia begani kwa kucheka, kiganja mdomoni. Nilimsimulia yule kijana habari hizo siku moja tukichagua mchele. Mara moja tu. Sikujua kama aliziweka kichwani.

Na nitasema yote, maana mimi si wa kuficha: yule mama wa kwenye televisheni alikuwa ameshamaliza kusema zamani. Mdomo wake umefumba. Anakunywa chai. Sauti ya kijana wangu bado inaendelea, nyumba ilinyamaza, mwanangu, na mama wa watu anapuliza kikombe chake! Kiingereza mama yangu hajui hata cha kuombea maji, lakini macho yake hayakuwa mabovu kiasi hicho. Aliona. Niliona kwamba ameona.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Ee Mungu wangu, nikawaza, analia, nimemleta mama yangu aje alie mbele za watu. Nikamshika mkono. Kwenye picha mbwa akaingia jikoni, akawatazama wale wanawake wawili, akabweka, na kutoka nyuma ya pazia mbwa yule akawika. Haki ya nani, aliwika! Kuwika kwa jogoo kilema, anapanda, anateleza, anaanza upya.

Mama akaweka kiganja mdomoni na kuniangukia begani. Alikuwa anacheka. Alicheka kile kicheko ambacho nilidhani tulikizika pamoja na baba, cha chini chini kwanza halafu kinamshinda, mpaka kilemba kikamwinamia sikioni, na machozi yanamtoka kweli sasa, na wachimbaji wale wakubwa na taa zao kichwani wakacheka kwa sababu yeye anacheka. Mimi nililia. Nilikuwa nimeukosa mlio ule miaka yote bila kujua kwamba ndio ninaoukosa.

Filamu iliishaje? Waliooana wameoana, mbwa alivaa shada. Sikumbuki vizuri. Nakumbuka taa ilipowashwa hakuna mtu aliyenyanyuka. Watu wote walikaa kumsubiri mama atoke, maana asipotoka yeye, bingwa hawezi kutoka. Mama akatengeneza kilemba, akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akasimama. Njia ya kutokea ilipita pale pale kwenye kona, kati ya benchi na pazia, na katikati ya njia ndiyo ile miguu, imejisahau, dole gumba linacheza.

Mama akasimama mbele yake na kuipa mgongo. Akayatazama mabati.

"Ukuta," alisema. "Mwambie mkwe wangu avute miguu. Nataka kupita."

Miguu ikavutwa ndani, na kandambili moja ikabaki njiani. Mama yangu akainua kitenge chake kidogo, akaivuka kwa heshima, akatoka nje kwenye jua.